Daftari la Karani: Kutazama viumbe wa bomani msimu wa baridi

Kila asubuhi kabla ya saa moja, mzee mmoja wa eneo la Ol Kalou alikuwa akitoka nje akiwa na koti zito, kikombe cha chai na daftari. Aliketi kwenye kiti cha mbao kando ya ghala la viazi, akatazama boma lake kwa dakika ishirini, kisha akaandika alichokiona. Hakuwa mtafiti wala hakulipwa na mtu. Alikuwa karani mstaafu wa kituo cha kukusanyia maziwa, na majirani walimwita Karani hadi mwisho.

Karani alifariki mwezi Machi mwaka huu. Familia yake imekubali habari zake zichapishwe bila jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Ameacha madaftari kumi na moja yaliyojaa tarehe, hali ya hewa na majina ya ndege, mengi yakiwa kwa Kikuyu na mengine kwa Kiswahili. Pale ambapo hakujua jina, aliandika umbo: mdogo, tumbo la manjano, mdomo mnene.

Msimu huu wa baridi ndio wa kwanza kwa boma lile bila yeye. Makala haya yanaeleza kazi aliyokuwa akifanya, sababu ya kazi hiyo kuwa na manufaa kwa wakazi wote wa Nyandarua, na namna ambavyo mkazi yeyote anaweza kuifanya akiwa kwake, hata bila darubini.

Kwa nini kunakuwa na baridi Juni hadi Agosti

Wakazi wa Kinangop, Ol Kalou, Ndaragwa na Kipipiri hawahitaji kuambiwa kwamba miezi hii ni ya baridi. Sehemu kubwa ya kaunti iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa baridi zaidi.

Kati ya Juni na Agosti jua huwa upande wa kaskazini wa ikweta. Upepo unaovuma kuja Kenya hutoka kusini, ambako wakati huo ni majira ya kipupwe, na huja na hewa baridi yenye unyevu. Hewa hiyo inapopanda milima huwa ukungu na mawingu mazito yanayoketi juu ya mashamba siku nzima. Jua hushindwa kupenya. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na koti hadi saa nane mchana bila kuona hata kivuli chake.

Kwa anayetazama viumbe, msimu huu una faida moja kubwa. Ndege wanaohamia huku kutoka Ulaya na Asia hawapo. Wako kwao wakilea makinda. Kwa hiyo karibu kila ndege anayeonekana bomani mwezi Julai ni mwenyeji wa Afrika, na wengi wao huishi hapa mwaka mzima. Anayejifunza kuwatambua sasa hatachanganyikiwa wageni wakifika.

Jinsi viumbe wadogo wanavyoikabili baridi

Kiumbe mdogo hupoteza joto haraka kuliko mkubwa, kama vile kikombe cha chai kinavyopoa haraka kuliko sufuria. Ndege mwenye uzito wa gramu chache lazima afanye kazi ya ziada ili aamke akiwa hai.

Njia ya kwanza ni kujivimbisha. Ndege anaponyanyua manyoya yake, hewa hunaswa katikati na kumfunika kama blanketi. Ndiyo sababu shomoro na tetere huonekana wanene asubuhi ya baridi, kisha wakakonda jua likichomoza.

Njia ya pili ni kukaa pamoja. Pasa, wale ndege wa kijivu-kahawia wenye mkia mrefu na kishungi kichwani wanaoharibu matunda, hulala wakiwa wamebanana kwenye tawi moja. Jua likitokea hata kwa dakika chache, huning'inia na kulielekezea matumbo yao ili wapate joto. Karani aliandika mara nyingi kwamba pasa walikuwa wakiota jua kwenye mplamu, na pembeni akaongeza idadi ya matunda yaliyodonolewa.

Njia ya tatu ni kupunguza matumizi. Chozi, ndege wadogo wenye mdomo uliopinda wanaonyonya maua, huhitaji sukari nyingi mchana kutwa. Usiku wa baridi, baadhi ya chozi wa milimani huacha joto la miili yao lishuke ili wasimalize nguvu zote kabla ya kupambazuka. Asubuhi huanza polepole, kisha hukimbilia maua. Boma lenye mishubiri au maua mengine yenye asali huwapa chakula wakati wanapokihitaji zaidi.

Kinyonga naye ana njia yake. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha, hivyo hulitegemea jua. Asubuhi hujikausha juu ya tawi akiwa na rangi nyeusi-nyeusi, kwa kuwa rangi hiyo hufyonza joto vizuri, na akishapata joto hurudia kijani. Vinyonga kadhaa wa nyanda za juu za Kenya, akiwemo yule mwenye pembe tatu, hawatagi mayai ardhini kama ndugu zao wa sehemu za joto. Huzaa watoto walio hai. Mama hubeba mayai mwilini na kuyapeleka juani anapoota jua, jambo ambalo udongo baridi usingeweza kufanya. Kinyonga hana sumu na hadhuru mtu wala mfugo. Anakula nzi, panzi na wadudu wengine wa shambani.

Majirani wanne wa kufahamu

Boma la kawaida la Nyandarua lina ndege wengi kuliko wenyewe wanavyodhani. Wanne wanastahili kufahamika kwanza.

*Mbwigu.* Ni ndege mweusi kwa juu na mweupe kwa chini, mwenye mkia mrefu, anayependa kukaa peke yake juu ya waya wa ua au nguzo. Ana mdomo wenye ncha iliyopinda kama ya kipanga. Hukamata panzi, mende na mijusi midogo, na wakati mwingine huwachomeka kwenye mwiba au seng'enge kama mtu anayeanika nyama. Mkulima anayekuta panzi amechomwa kwenye seng'enge asidhani ni uchawi. Ni ghala la mbwigu.

*Kipanga wa nguzo za stima.* Ni ndege mkubwa wa kuwinda, mgongo mweusi, kifua mara nyingi cheupe, na mkia wa rangi ya kutu unaong'aa akigeuka angani. Wengi humlaumu kwa vifaranga, na ni kweli anaweza kuchukua kifaranga asiye na ulinzi. Hata hivyo chakula chake kikuu ni panya, fuko, mijusi na nyoka. Mkulima wa viazi anayejua hasara ya fuko ana sababu ya kumwacha kipanga akae kwenye nguzo yake.

*Bundi.* Huyu ameuawa zaidi kwa sababu ya imani kuliko kwa kosa lolote. Bundi huruka bila kusikika kwa sababu kingo za manyoya yake ni laini, na masikio yake humwezesha kumpata panya gizani kwa sauti tu. Humeza panya mzima, kisha hutapika donge la mifupa na manyoya. Mtu akiokota donge hilo chini ya mti na kulifungua kwa kijiti, atahesabu mafuvu ya panya waliokuwa wakila mahindi yake.

*Korongo taji.* Ni ndege mrefu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Hula wadudu, vyura na mbegu mashambani, hujenga kiota majini katikati ya nyasi ndefu, na jioni hulala juu ya miti. Makorongo wengi duniani hulala chini au majini. Jamii ya korongo taji ndiyo inayoweza kushika tawi. Mti mkubwa ulio karibu na kinamasi huweza kuwa chumba chao cha kulala kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2012 korongo taji huyu ameorodheshwa kimataifa kama ndege aliye hatarini kutoweka. Ziwa Ol Bolossat na vinamasi vinavyolizunguka ni miongoni mwa makao yake muhimu nchini.

Kwa wakazi wa Kinangop kuna wa tano. Ni ndege mdogo wa nyasi, mwenye tumbo la manjano na ukucha mrefu wa nyuma, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kenya, na anahitaji malisho ya nyasi za mafundo ambayo hayajalimwa. Mkulima anayeacha sehemu ya malisho yake bila kulima huenda anamtunza ndege huyu bila kujua.

Mti wa bundi na mtaro wa kabeji

Faida ya madaftari ya Karani ilionekana mara mbili kijijini.

Mara ya kwanza ilikuwa kuhusu mti wa sipresi uliokuwa kwenye mpaka wa shamba lake na la jirani. Bundi alikuwa akilia hapo usiku, na baada ya kifo katika familia moja ya karibu, baadhi ya watu walitaka mti ukatwe na ndege auawe. Karani hakubishana kuhusu imani ya mtu. Alileta daftari na kuonyesha kwamba bundi yule alikuwa ameandikwa hapo kwa zaidi ya miaka mitatu, katika miezi ya harusi na ya mavuno na katika miezi ambayo hapakutokea jambo lolote. Kisha akamwaga mezani mifupa ya panya aliyoiokota chini ya mti huo. Mti haukukatwa. Jirani aliyeongoza madai hayo ndiye baadaye aliyekuwa akimletea Karani habari kila aliposikia bundi wa pili akijibu.

Mara ya pili ilikuwa nzito zaidi. Chini ya mashamba kuna kinamasi ambako korongo taji wawili walikuwa wakijenga kiota. Mwaka mmoja hawakuonekana. Mzozo ukazuka katika baraza la chifu: wengine walisema wavulana wamechukua mayai, wengine wakasema ni kiangazi. Karani alifungua daftari. Makorongo walikuwa wameandikwa kinamasini hadi wiki ambayo mtaro ulichimbwa kukausha ukingo ili pandwe kabeji. Baada ya wiki hiyo waliandikwa wakipita angani tu, bila kutua.

Daftari halikuthibitisha kwamba mtaro ndio uliowafukuza, na Karani mwenyewe alisema hivyo barazani. Lilichofanya ni kuwaondolea watu kazi ya kukisia tarehe. Wavulana wakaacha kusingiziwa, na mazungumzo yakahamia kwenye maji. Mwenye kabeji naye alisikizwa, maana alikuwa amekopa kununua mbegu. Alivuna zao lake, kisha mtaro ukazibwa upande wa kinamasi na wakazi wakakubaliana kutolima tena ukingo ule. Makorongo hawakurudi mwaka uliofuata. Walirudi ule wa pili, na siku hiyo Karani aliandika mstari mmoja tu, kama siku nyingine: wawili, wametua, saa moja na robo.

Wanaokuja Ulaya kukiwa na baridi

Baridi ya Nyandarua ikiisha, baridi ya upande wa pili wa dunia huanza. Kuanzia Septemba, siku zinapokuwa fupi Ulaya na Asia, wadudu hupungua huko na mamilioni ya ndege husafiri kuja Afrika. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za stima mwezi Oktoba wana uzito wa takriban gramu 20 kila mmoja, na wamevuka jangwa. Kitwitwi wa manjano hufika na kufuata ng'ombe malishoni, wakila wadudu wanaorushwa na kwato. Kwenye maziwa huja mabata na ndege wengine wa majini. Wengi huondoka ifikapo Aprili.

Safari hizi zimefahamika kwa sehemu kubwa kutokana na kazi ya watu wa kujitolea. Huko Ngulia, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, wamekuwa wakikusanyika tangu mwaka 1969, hasa Novemba na Desemba. Usiku wa ukungu ndege wanaohama huvutwa na taa za hoteli iliyo kilimani. Watu hao huwanasa kwa nyavu laini, huwafunga pete ndogo yenye nambari mguuni, huwapima na kuwaachilia. Pete hizo zimekuja kuonekana tena katika nchi za mbali, na hivyo njia za ndege zikajulikana.

Kuhesabu ndege wa nyumbani wakati wa baridi ni desturi ya siku nyingi katika nchi nyingine pia. Nchini Marekani, hesabu ya Krismasi ilianza mwaka 1900 ikiwa na watu 27. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1979 wakazi huombwa watenge saa moja mwishoni mwa Januari kuhesabu ndege wanaotua katika bustani zao. Hesabu hiyo imeonyesha kwamba shomoro na kwezi, ndege ambao kila mtu alidhani ni wa kawaida mno kuweza kupungua, wamepungua kwa zaidi ya nusu. Wasingehesabiwa walipokuwa wengi, leo pasingekuwa na cha kulinganisha.

Daftari moja linamsaidia nani

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wataalamu wa kuwafuatilia ni wachache. Hawawezi kuwa katika kila wadi kila asubuhi. Mkazi yuko pale tayari.

Kupitia mpango wa Kenya Bird Map, nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na mtu yeyote anaweza kutuma orodha ya ndege aliowaona katika mraba wake kwa kutumia simu. Orodha hizo hulinganishwa na atlasi ya ndege wa Kenya iliyochapishwa mwaka 1989, na hivyo inaonekana ni ndege gani wametoweka mahali fulani na ni gani wamefika. Shirika la Nature Kenya na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ni miongoni mwa wanaoshiriki kazi hiyo. Kila mwezi Januari pia huwa na hesabu ya ndege wa majini katika maziwa mbalimbali, ambayo hutegemea watu wa kujitolea.

Kwa mkulima, daftari lina faida ya karibu zaidi. Vyura wakinyamaza ghafla, chozi wakiacha kuja kwenye maua au ndege wakikutwa wamekufa shambani, huenda ni dalili ya dawa iliyotumiwa vibaya au maji yaliyochafuka. Dalili hiyo huwagusa viumbe wadogo kabla ya kuwafikia mifugo na watu.

Jinsi ya kuanza

1. *Chagua mahali pamoja na wakati mmoja.* Dakika kumi au ishirini baada ya kupambazuka zinatosha. Afadhali mara moja kwa wiki bila kukosa kuliko kila siku kwa mwezi mmoja kisha kuacha.

2. *Andika mambo manne:* tarehe na saa, hali ya hewa, aina ya kiumbe, na idadi. Kama hujui jina, andika ukubwa ukilinganisha na shomoro, njiwa au kuku, kisha rangi, umbo la mdomo na alichokuwa akifanya. Jina la lugha ya nyumbani linafaa pia.

3. *Andika hata siku ambayo hukuona kitu.* Siku tupu ni habari, mradi iandikwe kwamba ulitazama.

4. *Usikaribie kiota wala usishike makinda.* Ndege akipiga kelele na kukuzunguka, umesogea mno.

5. *Weka maji, panda maua na miti ya kiasili.* Beseni la kina kifupi lenye jiwe katikati linatosha, likibadilishwa maji kila siku. Mringa, mtamaiyu na mishubiri huleta ndege wengi kuliko chakula cha kutupwa. Usiwape mkate uliooza.

6. *Punguza hatari.* Fungia paka ndani alfajiri, ndege wanapokuwa wazito kwa baridi. Usiache sumu ya panya wazi, kwa kuwa bundi na kipanga hufa wakila panya aliyekula sumu. Fuata maelekezo ya afisa wa kilimo kuhusu dawa za kunyunyiza.

7. *Washirikishe watoto.* Macho yao ni makali kuliko ya watu wazima, na likizo ya Agosti huangukia msimu huu.

Tahadhari: makala haya yanahusu viumbe wadogo wa bomani. Wakazi walio karibu na Ol Bolossat wanajua kwamba viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na wale wanaopakana na msitu wa Aberdare hukutana na nyati na ndovu. Wanyama hao hawatazamwi kwa karibu. Ondoka, waarifu majirani, kisha piga ripoti kwa chifu au kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu.

Sheria inasemaje

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa, na KWS ndiyo inayolitekeleza. Serikali za kaunti nazo zina jukumu la kilimo na la kutekeleza sera za kitaifa za mazingira, zikiwemo za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kwa hiyo suala la korongo aliyewekewa sumu hupelekwa KWS, huku ushauri kuhusu dawa za shambani na miche ukitolewa na maafisa wa kaunti walio mashinani.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda pia ndege. Kumuua au kumfuga korongo taji nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama alichukuliwa akiwa yai. Vilevile, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kukausha kinamasi, mto au ziwa bila idhini. Anayetaka kuchimba mtaro kwenye eneo la maji aulize kwanza katika ofisi ya mazingira, kabla ya kutumia pesa zake.

Kurasa tupu

Daftari la kumi na moja la Karani linaishia tarehe 8 Machi. Alikuwa ameandika hali ya hewa, shore wawili, mbwigu mmoja, kwarara wakipita. Kuanzia tarehe 9 hadi wiki ya kwanza ya Mei hakuna kitu. Familia ilikuwa na msiba, na hakuna aliyefikiria daftari.

Wiki hizo nane zilikuwa za mvua ya masika, wakati kinamasi hujaa. Kama makorongo walijenga kiota mwaka huu, au kama mbayuwayu waliondoka mapema au kwa kuchelewa, boma lile halina jibu. Mtu anaweza kulipa deni la maziwa lililopita, lakini asubuhi ambayo haikuandikwa haiwezi kurudiwa.

Mwezi Mei, mjane wake aliamua kazi isikomee hapo. Hajui kusoma vizuri bila miwani, kwa hiyo yeye hutazama na mjukuu huandika kabla ya kwenda shule. Siku ambazo mtoto hayupo, jirani yule wa mti wa sipresi huja na kuketi kwenye kile kiti cha mbao. Hawakuanza daftari jipya. Waliacha kurasa zile tupu kama zilivyo, ili mwandishi yeyote wa baadaye ajue kwamba hazikutazamwa, kisha wakaendelea chini yake kwa mpangilio uleule wa Karani.

Mstari wa kwanza wa mkono mpya unasema: ukungu mzito, pasa saba, bundi amelia alfajiri mara mbili, na kutoka upande wa kinamasi sauti ya korongo, hakuonekana.